Naficha gari nikienda kanisani

(Barua tumeifupisha kidogo, na majina ya watu tumeyabadilisha.)

Bwana asifiwe, Mwalimu.

Mimi ni mama wa miaka 46, mjane, naishi Kisumu. Majibu yako nimeyasoma kwa muda mrefu na sikuwahi kudhani nitakuandikia, kwa sababu shida yangu nikimweleza mtu ananicheka. Shida yangu ni kwamba nimepata pesa.

Nianzie mbali kidogo. Nilifika Kisumu Januari 2008 na watoto watatu, godoro moja na sufuria mbili, tukitoka Nakuru wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi. Mume wangu alikuwa fundi wa viatu. Vifaa vyake vyote vilibaki huko, na nadhani moyo wake pia ulibaki huko. Alifariki mwaka wa 2010. Tulikuwa tumepanga chumba kimoja Manyatta, na jirani yangu, nimwite Mama Ouma, alikuwa akiuza omena, wale dagaa wa ziwani, katika soko la Kibuye. Asubuhi moja alinipimia gorogoro tatu, yale makopo ya kupimia, kwa mkopo akaniambia, "Kaa hapa kando yangu uuze. Jioni utanipa yangu." Ndivyo nilivyoanza.

Kibuye unaijua, siku yake kubwa ni Jumapili. Kwa hiyo mimi na Mama Ouma tulikuwa tukienda ibada ya kwanza, tunakaa benchi la mwisho karibu na mlango, na kabla ya baraka tunachomoka kukimbilia soko. Nguo zetu zilinuka omena. Watu walikuwa wakisogea. Labda hawakuwa na ubaya, lakini walisogea.

Krismasi ya 2011 kanisa liliamua kusaidia wahitaji. Mweka hazina alisimama na karatasi akasoma majina moja moja kwa sauti, kila anayesomwa aende mbele. Langu lilikuwa la nne. Nikapewa pakiti mbili za unga, mafuta ya kupikia na blanketi, nikaambiwa nisimame vizuri nipigwe picha nikiwa nimelishika lile blanketi. Binti yangu alikuwa na miaka 11, yuko kwenye kwaya ya watoto, amesimama pale pale mbele. Akaangalia chini. Siku hiyo hiyo mchungaji akahubiri kwamba wengine wetu tunafungwa na umaskini kwa sababu ya imani haba. Unga tuliula. Blanketi liko kwenye mfuko wake mpaka leo.

Mungu alinifungulia. Kutoka gorogoro nikaenda debe, kutoka debe nikaenda gunia. Nilijifunza kwamba uvuvi wa omena ukifungwa, ile miezi ya Aprili mpaka Julai, bei hupanda, basi nikawa naweka akiba mapema. Mwaka wa 2016 nikapata mteja Nakuru anayetengeneza chakula cha kuku, nikaanza kupeleka kwa lori. Leo nina stoo mbili, wafanyakazi saba, nyumba upande wa Riat, na gari.

Hilo gari ndilo limenileta kwako. Kanisa ni lile lile. Sasa nikiingia mlangoni, mzee wa kanisa ananishika mkono ananipeleka mbele, kwenye viti vyenye mito. Wananiita mheshimiwa. Mchungaji akitafuta mfano wa mtu aliyebarikiwa, ananiangalia mimi. Nimelelewa na ile methali ya maskini akipata, mwisho wake unaujua, na niliapa haitasemwa juu yangu. Kwa hiyo kila Jumapili naliacha gari kwenye kituo cha mafuta karibu na Kondele, navua viatu nilivyotoka navyo nyumbani, navaa vile vya zamani vilivyoisha visigino, kisha napanda boda boda ya shilingi hamsini mpaka kanisani. Mtu akinisifu nasema mimi si kitu. Akiniuliza biashara nasema tunasukuma tu. Nilijiambia huo ndio unyenyekevu. Hata Bwana Yesu kwenye Luka 14 alisema tukialikwa tukae mahali pa nyuma.

Jumapili iliyopita mvua ilinyesha. Niko pale kituoni, mlango wa nyuma wa gari uko wazi, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, nikainua macho. Mama Ouma alikuwa amejikinga mvua pale pale chini ya paa, ananitazama. Akasema, "Kumbe unatufichia gari. Kwani tungelila?" Akaingia mvuani akaenda zake.

Huyu ndiye mtu ninayempenda kuliko ndugu zangu wa damu. Nilipohamia nyumba mpya alikuja mara moja tu. Alivua viatu mlangoni nikimkataza, akakaa pembeni kabisa ya kochi, nikampakulia akasema ameshiba. Mama Ouma ameshiba! Mwaka jana nilimtumia shilingi 20,000 kwa M-Pesa, sikuandika wala kupiga simu, nikaona itamsaidia. Kabla ya jioni alikuwa amezirudisha zote.

Na kuna jambo la pili. Mwezi ujao kuna harambee ya paa la kanisa. Wazee wameniomba niwe mgeni wa heshima. Mweka hazina ni yule yule. Nimetenga shilingi 200,000, na nikuambie ukweli ambao hata binti yangu sijamwambia: nataka jina langu alisome yeye. Nataka ile pesa aitaje kwa ile sauti yake. Nimeshaiota mara mbili. Nikiamka najiona mwovu.

Mwalimu, nilipokuwa sina kitu nilijiona si kitu. Sasa ninacho, na kila Jumapili nafanya kazi ya kuonekana si kitu. Nimechoka. Mnyenyekevu ni mtu wa namna gani? Na Jumapili ijayo niende na gari au nisiende nalo?

Mama wa Omena, Kisumu

*

Bwana asifiwe sana, mwanangu.

Barua yako niliisoma nikiwa nimekaa nje hapa kwangu Nakuru, na nilipofika pale kwenye viatu vilivyoisha visigino nilicheka peke yangu mpaka jirani akaniuliza kama ni mzima. Nisamehe. Nilicheka kwa sababu nakujua. Nilipokuwa naibu wa mwalimu mkuu nilikuwa na sweta lililotoboka kiwiko ambalo nililivaa kila siku ya mkutano wa wazazi, ili wasiseme nimejiinua. Kabatini nilikuwa na mazuri matatu.

Swali la gari ndilo jepesi, tulimalize. Nenda nalo. Ingia nalo getini, liegeshe wanakoegesha wenzako, ushuke na viatu ulivyotoka navyo nyumbani. Anayeringia gari na anayelificha wote wawili hushinda Jumapili nzima wakiwaza gari. Wewe ulikuwa ukiliwaza kutoka Riat mpaka Kondele, na kutoka Kondele mpaka kiti chako, na wakati wa sala ulikuwa na hofu kwamba kuna mtu aliyekuona. Luka 14 umeisoma vizuri, lakini angalia Yesu aliwaambia nani maneno yale: watu aliowaona wakichagua viti vya mbele. Hata nyuma mtu anaweza kukaa huku ametega sikio, anangoja kusikia, "Rafiki, njoo huku mbele."

Kuna na jambo jingine kwenye kuficha kwako, na hilo ndilo Mama Ouma alilolishika papo hapo. Uliamua kwa niaba ya watu wa benchi la mwisho kwamba wakiona gari lako watatokwa na machozi ya wivu. Hukuwauliza. Ulichukulia kwamba umaskini umewala mpaka hawawezi kumfurahia mwenzao. "Kwani tungelila?" Nimekuwa mzee wa kanisa miaka mingi na sijasikia mahubiri mafupi kama hayo.

Na ile methali iache. Nilifundisha Kiswahili miaka 37, methali nazipenda karibu zote, hiyo siipendi. Aliyeitunga sidhani alikuwa maskini. Nadhani alikuwa mtu aliyekuwa na wasiwasi kwamba maskini wake watakuja kupata.

Sasa tufike kwenye swali lenyewe. Katika Kiswahili chetu kuna maneno mawili yaliyokaa karibu mpaka watu huyachanganya: unyonge na unyenyekevu. Unyonge mtu hutiwa. Unatiwa na njaa, na mwenye nyumba anayegonga mlango tarehe 5, na watu wanaosogea kwenye benchi. Kunyenyekea ni tendo la mtu mwenyewe, na hawezi kulifanya kama hajui yeye ni nani. Fungua Yohana 13, usiku ule wa karamu. Sisi hukimbilia beseni na kitambaa, tunauruka mstari wa tatu. Unasema Yesu alifanya yale "hali akijua ya kuwa Baba amempa vyote mikononi mwake, na ya kuwa alitoka kwa Mungu naye anakwenda kwa Mungu." Kisha ndipo anaondoka chakulani, anaweka kando mavazi yake, anajifunga kitambaa. Kwanza alijua amepewa vyote. Hakuwaambia wanafunzi kwamba yeye si kitu. Dakika chache baadaye anawaambia mnaniita Mwalimu na Bwana, nanyi mwanena vema, maana ndivyo nilivyo. Mtu anayejua hivyo anaweza kushika mguu wenye matope na asipungukiwe.

Wewe "mimi si kitu" unayoisema leo kanisani si neno jipya. Uliijifunza Krismasi ya 2011, ukiwa na blanketi mikononi.

Siku ile kanisa lilikosa, mwanangu. Nalisema wazi kwa sababu naona kwenye barua yako hujawahi kuambiwa. Unga ulikuwa mzuri. Karatasi iliyosomwa kwa sauti, picha, na mahubiri ya imani haba juu yake, hayo yalikuwa kosa. Ayubu alikuwa na kondoo 7,000 na ngamia 3,000, akapoteza vyote, rafiki zake wakaja kumweleza kwamba lazima kuna jambo amefanya. Mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia rafiki, si Ayubu. Mahubiri yao bado yanahubiriwa, na siku hizi kwa vipaza sauti.

Yakobo, katika sura ya kwanza, anasema ndugu wa hali ya chini "na afurahi kwa kuwa ametukuzwa, bali tajiri kwa kuwa ameshushwa." Sasa pima hayo na yaliyokupata. Ulipokuwa chini ulipaswa kuambiwa kwamba umetukuzwa, ukaambiwa imani yako ni haba. Umepanda, ulipaswa kupata watu wa kukushusha kwa upendo, umepewa kiti chenye mto na jina la mheshimiwa. Yakobo huyo huyo sura ya pili anamtaja kabisa yule mwenye pete ya dhahabu anayeambiwa keti hapa mahali pazuri, na maskini anayeambiwa simama pale. Wewe umekuwa watu wote wawili, katika jengo moja, ndani ya miaka michache. Ndiyo maana kichwa kinakuuma.

Acha nikusimulie kidogo habari za kwetu. Mimi ni mtu wa Vihiga, nimelelewa katika Kanisa la Marafiki (Quakers), lile lililofika Kaimosi mwaka wa 1902. Wazee wetu walipenda sana kutusimulia habari za Marafiki wa kwanza kule Uingereza, karne ya 17, jinsi walivyokataa kuvua kofia mbele ya matajiri na mahakimu. Wengi walitozwa faini, wengine wakafungwa. Kofia waliivua walipokuwa wakiomba tu. Nikiwa mtoto nilidhani hao ni wakaidi. Watu wa kanisa, mbona hawana adabu? Nimezeeka ndipo nimeelewa kwamba walikuwa wanyenyekevu kweli kweli, na hawakuwa wanyonge hata kidogo.

Lakini aliyenifundisha hasa hakuwa na kofia, alikuwa na kitambaa cha kichwa na jembe. Mwaka wa 1984 mvua ilikataa. Nilikuwa na miaka 20, nangoja kuingia chuo cha ualimu. Ulikuwa mwaka wa mahindi ya manjano yaliyoletwa kwa meli, yale ambayo ugali wake watoto waliukataa siku ya kwanza, siku ya pili wakaulamba. Jirani yetu mmoja alikuwa na kinu cha kusaga na hakulala njaa. Mama alinituma kwake, nikarudi na nusu debe ya mahindi. Kesho yake asubuhi mama akaenda nyuma ya nyumba kwenye mti wa mapera. Yalikuwa madogo, magumu, mengine yametobolewa na ndege. Alichagua moja moja, akayapangusa kwa leso, akayapanga kwenye lile debe yale mabaya chini na mazuri juu (ndiyo, hata yeye alikuwa na hila zake), akaniambia rudisha. Niliona aibu nusura nilie. Kwa jirani mapera yalikuwa yakianguka na kuoza. Nikamwambia, "Mama, hawa mapera wanayo." Akasema, "Sikukuuliza wana nini. Debe la mtu halirudi tupu."

Tulikuwa tunakula mara moja kwa siku wakati huo. Nilikuwa na njaa na mama alikuwa na njaa, lakini alikataa kuwa mtu wa kupokea tu. Alipokea kwa mikono miwili, akashukuru, hakujifanya hana haja. Kisha akatoa. Jirani yule naye, Mungu amrehemu, alikuwa na akili: aliyapokea mapera yale kwa mikono miwili pia, akayala moja pale pale mbele yangu akasema ni matamu. Hayakuwa matamu.

Krismasi ile ya 2011 hakuna aliyekuachia nafasi ya kurudisha debe na kitu ndani. Hicho ndicho walichokunyima, na nadhani ndicho unachokidai kwenye ndoto zako.

Basi tuingie kwenye harambee. Hamu ya kusikia jina lako likisomwa na mtu yule haikufanyi mwovu. Ni kidonda kinachotafuta dawa mahali ambapo haipo. Fikiri siku yenyewe: anasoma shilingi laki mbili, watu wanapiga makofi, vigelegele, unasimama unapunga mkono. Dakika mbili. Kisha anageuza ukurasa anasoma wa mwingine. Hata hatakumbuka ya 2011. Utalala usiku huo na kidonda chako na huna laki mbili.

Kwa hiyo ningekuwa wewe, ugeni wa heshima ningeukataa safari hii, kwa upole, bila kutoa hotuba kwa nini. Kabla ya siku ya harambee ningeenda kumwona yule mweka hazina. Nenda mikono mitupu, na hili nalisisitiza, kwa sababu ukienda na bahasha atasikia bahasha. Kaa naye umwambie: mwaka wa 2011 ulisoma jina langu mbele ya mwanangu, na ilikuwa hivi kwangu. Mweleze yote, mpaka la blanketi. Usimwambie kwa kumlipiza. Mwambie kama unavyomwambia ndugu yako kwamba alikukanyaga. Inawezekana hajui. Watu wengi waliotuumiza walikuwa wakidhani wanafanya kazi ya Mungu, na wengine walikuwa wanaifanya kweli, vibaya.

Kisha muombe jambo moja: majina ya wahitaji yasisomwe tena. Kanisa lenu halikosi akina mama wawili wenye midomo mizito wanaoweza kupita jioni nyumba kwa nyumba, wakakaa, wakanywa chai, wakajua nani amekwama na kodi na nani mtoto wake amefukuzwa shule, na msaada ukaenda kimya kwa simu. Na hao wanaosaidiwa wapewe cha kufanya kanisani, wafagie, waimbe, wapike, wafundishe watoto, ili debe lao lisirudi tupu. Hilo likifanyika, Krismasi hii kuna mtoto wa miaka 11 ambaye hataangalia chini.

Akikuelewa, mshukuru Mungu. Akikataa, toa mabati hata hivyo, maana mvua haimnyeshei mweka hazina peke yake. Pesa zipeleke mapema, kabla ya siku, kwa njia ambayo haina kipaza sauti. Wakiamua wenyewe kukutaja, kaa kimya uendelee na ibada. Yesu alisema mkono wa kushoto usijue ufanyavyo wa kuume, hakusema ukimbie ukisikia jina lako. Na kiti chenye mto, mwachie mgonjwa au mzee. Wewe rudi benchi lako ikiwa unalipenda. Ulipende kwa sababu Mama Ouma yuko pale. Usilipende kwa sababu linaonekana.

Kuhusu binti yako. Umeandika kwamba hujamwambia. Yeye ndiye shahidi wako pekee wa siku ile, na amebeba macho yake chini miaka yote hii bila mtu wa kumuuliza aliona nini. Litoe lile blanketi mfukoni mbele yake. Lifueni pamoja, lianikeni, mtu alale nalo. Najua Kisumu hakuna baridi. Tafuteni anayelala sakafuni.

Sasa Mama Ouma, ambaye kusema kweli ndiye barua yako inamhusu, hayo mengine ni utangulizi.

Unashangaa kwa nini alirudisha 20,000. Mimi ningeshangaa kama angezichukua. Yeye alikupimia gorogoro tatu kwa mkono wake, akakutengea nafasi kando yake, akakuita kwa jina. Wewe ukamtumia tarakimu kwenye simu, kimya kimya. Alichokisoma pale ni: deni nimelipa, hesabu imefungwa. Alizirudisha ili hesabu isifungwe. Huyo ni mtu anayekupenda, usimkosee kwa kudhani ana kiburi.

Na siku ile kwako, kwenye kochi, aliposema ameshiba? Jiulize mara ya mwisho wewe kula kwake ilikuwa lini. Tangu uhamie Riat umekuwa mtoaji, kila siku mtoaji. Petro aliposogezewa beseni alisema, "Wewe hutanitawadha miguu kamwe." Tunadhani huo ulikuwa unyenyekevu wa Petro. Yesu hakuuona hivyo, alimjibu kwamba asipomtawadha hana shirika naye. Kupokea kutoka kwa mtu mwenye kidogo kuliko wewe ni kazi ngumu kwa mtu aliyepata. Paulo, katika ile barua aliyowaandikia Wafilipi akiwa kifungoni, anasema amefundishwa "kushiba na kuona njaa." Kuona njaa ulifundishwa, na ulifaulu. Kushiba nako hufundishwa, na mwalimu wako anauza omena Kibuye.

Basi nenda kwake. Usitume mtu, usitume pesa, usimwite Riat. Nenda Manyatta jioni moja ya katikati ya wiki, na gari lako, uliegeshe mlangoni kwake watoto walizunguke na kuandika majina yao kwenye vumbi. Mwambie, "Nimekuja kula." Usibebe mfuko wa ununuzi mkubwa wa kumfunika; pakiti ya majani ya chai inatosha, kama mgeni yeyote. Akikupa kiti kibovu kaa. Mwombe msamaha wa viatu. Atacheka kwanza, nakuhakikishia. Akishacheka mtaongea. Na mkiagana akikufungia kitu kwenye karatasi, mboga, mayai mawili, chochote, usiseme, "Mama Ouma, usijisumbue." Chukua.

Jumapili ukipita kumchukua na akakataa kupanda, usimvute. Pengine atapanda Jumapili ya tatu. Pengine atakuambia liache gari mtembee naye, na siku hiyo kutembea kutakuwa kutembea tu.

Akikupikia omena, ule, na uniandikie aliipika vipi. Mimi yangu huwa haiachi ule uchungu hata nikiiosha kwa maji ya moto mara tatu.

Wako,
Mwalimu, Nakuru